Doa Kwenye Figo ya Tata

Tata hakuwahi kununua viazi bila kumwaga debe. Nilipokuwa mdogo alinipeleka sokoni Kawangware, nami nikijificha nyuma ya sketi yake kwa aibu, maana nilijua kitakachofuata. Muuzaji amepanga debe lake vizuri, viazi vikubwa vimekaa juu kama wageni wa heshima, na tata analishika kwa mikono miwili na kulipindua juu ya gunia. "Nataka kuona wa chini," angesema, kana kwamba viazi ni watu. Wa chini walikuwa wadogo, wengine na kijani, wengine wameoza upande mmoja. Muuzaji alinuna, tata akachagua, tukaenda kununua vitunguu, navyo akavibonyeza kimoja kimoja.

Tata ndivyo tunavyomwita shangazi au mama mdogo kwetu. Huyu alikuwa dada mdogo wa mama yangu, mjane, mwenye nyumba yake Kabiria na vyumba vichache vya kupangisha nyuma yake. Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yao, kama desturi inavyotaka, na kwa sababu hiyo tata aliniita "maitu," yaani mama yangu, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alinilea miaka kadhaa mama alipokuwa akifanya kazi mbali. Chakula chake kilinikuza, lakini alichonirithisha hasa ni ile tabia ya kumwaga debe. Siamini kitu mpaka nione chini yake. Tabia hiyo imenikosesha marafiki, na mchumba mmoja ambaye, kusema kweli, sijutii.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta, nimepanga chumba Riruta, na nimepata kazi mjini, upande wa River Road, kwenye kituo cha kupiga picha za ndani ya mwili. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kompyuta za mashine ya skani hazilali. Mashine yenyewe ilinunuliwa ikiwa imeshatumika ng'ambo, na uzee wake ulionekana kwenye picha. Zilikuwa na chengachenga kila mahali, ini na wengu na figo, kana kwamba mtu amezimwagia mchanga.

Wateja hawakuupenda ule mchanga. Nairobi mgonjwa hubeba picha yake mwenyewe. Anapewa kwenye bahasha kubwa ya kaki, anaipeleka kwa daktari huyu, akitilia shaka jibu anampelekea yule, na jioni nyumbani inainuliwa dirishani shemeji na majirani waone. Kila mtu ana la kusema. Basi walirudi kaunta kulalamika: "Hii ni yangu kweli? Mbona iko na mchanga hivi? Jirani yangu alipiga kwingine ikatoka safi." Wengine walienda huko kwa jirani na hawakurudi.

Mwenye kituo, daktari wa kusoma picha, aliniomba nitafute dawa ya mchanga. Niliipata kwenye mtandao, programu iliyotengenezwa na watafiti wa mbali na kuachwa bure kwa yeyote. Kuipakua tu kulichukua siku nzima.

Nitaieleza kama nilivyomweleza tata baadaye. Picha ya skani ni vipande vyembamba vingi vya mwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama mkate uliokatwa. Kila nukta ndani yake ina majirani kulia na kushoto, mbele na nyuma, na wengine kwenye kipande cha juu na cha chini. Programu inapita kwa kila nukta na kuwauliza majirani wana mwanga kiasi gani. Nukta ikiwa imewazidi au imepungua kidogo, inasawazishwa nao, maana huo ni mchanga tu. Lakini jirani akitofautiana nayo sana, programu inasema hapa katikati pana ukuta, huyu ni wa ploti nyingine, tusichanganye. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi. Nyama ya ndani inalainika, na mpaka wa kiungo unabaki wima.

Sasa, tofauti ya kiasi gani ndiyo inahesabika kuwa ukuta? Hilo programu haijui. Unaiambia wewe kwa namba moja, nasi tuliiita namba ya ukuta. Ukiiweka chini sana, kila punje ya mchanga inajiona ina ukuta wake na hakuna kinacholainika. Ukiipandisha sana, kuta ndogo zinaanguka na kila kitu kinakuwa uji.

Niliiweka pale nilipoona panafaa. Picha zikapendeza, wateja wakasifu, na mwenye kituo akaipandisha kidogo. Wakasifu tena, akapandisha tena. Baada ya miezi michache figo zilikuwa laini kama sabuni mpya, na mimi sikuwa na raha. Mwilini hakuna kitu laini vile. Nikamwambia.

"Wewe unashuku hata kivuli yako," akanijibu akicheka. "Watu wanarudi. Wanaleta na mama zao."

Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kazi yake isifiwe, na nani hapendi? Niliiacha namba ilivyo, lakini kila picha iliyotoka kwenye printa niliiangalia kwa jicho la soko la Kawangware.

Mwaka huohuo tata aliona damu kwenye mkojo. Alikaa nayo wiki kadhaa bila kumwambia mtu, kisha akaniambia mimi. Hospitali aliyoenda kwanza walimpiga picha na kuona doa kwenye figo ya kushoto, dogo kama punje ya maharagwe. Daktari akasema wasubiri miezi michache wapige tena. Likiwa bado lipo, figo itolewe mapema kabla halijatembea. Picha ile tata aliilaza kati ya godoro na mbao za kitanda, akailalia. Wanawake wa ushirika wa kanisa lao wakaanza kuja kumwombea kila Alhamisi. Alikonda, akaacha kugombana na wapangaji, na hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi.

Zamu ya picha ya pili ilipofika nilimleta kwenye kituo chetu mjini, nimwone kwa macho yangu. Alilala kwenye mashine bila neno mpaka muuguzi alipokuja na sindano ya ile dawa inayotiwa kwenye mshipa ili figo ziwake kwenye picha.

"Hiyo inatoka wapi?" tata akauliza.

Muuguzi akamtajia nchi.

"Na huko wao wenyewe wanadungwa hiyo?"

Muuguzi akasema anadhani ndivyo. Tata akarudisha mkono wake chini ya shuka. Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Walimpiga picha bila dawa, na bila dawa figo na doa huwa karibu rangi moja.

Picha ikatoka safi. Mwenye kituo akaisoma akaandika kwamba hakuna kitu, na daktari aliyemtuma akaiinua kwenye taa yake akasema hata yeye haoni kitu. Tata alinipigia simu nikiwa kazini.

"Maitu, imeenda," alisema. "Imeenda yote. Mungu amefanya."

Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Nilijiosha uso, na nikiwa bado natafuta kitambaa cha kujipangusia, furaha ikaanza kuniponyoka. Sauti ya tata ndiyo iliyonishtua. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiamini kitu moja kwa moja, bila kukipindua.

Jioni akaongeza kwamba mchungaji amemwomba asimame Jumapili atoe ushuhuda. Angekuja na picha zote mbili, ya zamani yenye doa na mpya iliyo safi, waziinue kwenye dirisha la kanisa watu wote waone. Nami, mwovu wa moyo, nikakumbuka kwamba kanisa lile lilikuwa linachangisha pesa za paa jipya. Mchungaji alihitaji muujiza kama tulivyohitaji wateja. Mchungaji kumwona hivyo ni dhambi, najua, lakini ndivyo nilivyomwona.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ijumaa alasiri ndiyo siku tuliyofuta picha za asili, zile za mchanga, kwa sababu diski ilikuwa inajaa. Kilichobaki ni zile laini tu. Nilimwambia fundi wa mashine asiguse kitu, nikafungua picha ya tata kama ilivyotoka mwilini mwake kabla programu haijaipitia. Mchanga mtupu. Nililiona doa mahali patatu, kisha nikatazama tena sikuliona popote. Mtu wa shaka hawezi kuyaamini hata macho yake, maana anajua yanatafuta nini.

Nikaishusha namba ya ukuta mpaka pale nilipoiweka mwanzo, nikaipitisha picha upya. Kompyuta ilinguruma hadi chakula cha mchana kikapita. Mchanga ulipungua bila kwisha, na upande wa kushoto, ndani ya figo, nikaona kitu cha mviringo kilichofifia. Lakini kilikuwa ni kitu, au ni mchanga uliogoma kulainika? Mimi si daktari. Nikaichoma picha kwenye sidii.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Kileleshwa, mlangoni kwa mwenye kituo. Alinifungulia akiwa na kandambili na gazeti mkononi. Njia nzima nilikuwa nimejiambia kwamba atanikana. Atasema ni mchanga, nirudi nyumbani, kwa sababu akikiri moja ataulizwa na nyingine zote. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno makali ya kumwambia.

Hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliweka sidii kwenye laptopu yake mezani, kando ya vyombo vya chai, akaanza kupanda na kushuka kipande kwa kipande.

"Usiangalie kipande moja," aliniambia. "Panda juu yake, shuka chini yake. Mchanga haukai mahali. Hapa uko, hapa hauko. Sasa angalia hii."

Alipanda, kile kitu kikawepo. Alipanda tena, kikawepo, kidogo zaidi. Alishuka, kikawepo. Vipande kadhaa mfululizo kilikaa palepale, kikipungua juu na chini kama kitu chenye umbo hupungua. Kisha akafungua ile picha laini tuliyompa tata. Palepale palikuwa na figo nzuri, ya kijivu, tupu.

Chai yake ilipoa akiwa bado anaitazama.

"Namba ilikuwa juu sana," akasema. "Na mimi ndiye niliipandisha."

Yale maneno makali yakabaki bila kazi.

"Mwambie leo," akasema. "Beba hii laptopu. Jumatatu nampigia daktari wake mimi mwenyewe, na zile za mchanga bado tuko nazo nitazisoma zote upya."

Nilifika Kabiria mchana. Tata alikuwa anapiga pasi gauni la Jumapili, kitambaa cheupe cha kichwa kimeshakunjwa juu ya kiti. Alikuwa anaimba. Nilipoweka laptopu mezani akaacha kuimba.

"Tata, ile picha tulikupa haikuwa sawa," nikasema. "Iko bado."

Aliweka pasi wima. Hakuniangalia mimi, aliangalia mlango, kama mtu anayetaka kujua nani mwingine amekuja.

"Ni hospitali imekutuma?"

"Hapana, tata."

"Kuna mtu anataka figo yangu. Hujasikia watu wanauza figo?"

"Tata."

"Basi ni wewe," akasema polepole. "Wewe hutaki kuamini Mungu amenifanyia kitu. Hata hii lazima uipindue."

Hakuna mtu aliyewahi kuniumiza vile. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kumwambia ni nani aliyenifunza kupindua. Badala yake nilifungua laptopu nikakaa tu, machozi yakinitoka, nikasubiri. Alimaliza kunyoosha gauni lote, na kola, na mikono, ndipo akavuta kiti.

"Ile safi mlitengeneza aje?"

Nikamweleza habari ya nukta na majirani, na ukuta, na namba. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mpangaji anayeeleza kwa nini amechelewa.

"Yaani," akasema, "mliuliza majirani kama hapo kuna mgonjwa, wakasema hakuna."

"Ndiyo."

"Na mwenyewe hamkumuuliza."

"Tulimuuliza, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Tukachukua ya majirani."

Alivuta kiti karibu zaidi. "Nionyeshe wa chini," akasema.

Nikamwonyesha. Nilipanda na kushuka kama nilivyofunzwa asubuhi ile, na kila kipande nilipokifungua aliweka kidole chake juu ya kioo, palepale, mpaka kikaacha alama. Kitu kilikuwepo. Akaniambia nirudie toka mwanzo, nikarudia. Mara ya pili hakuweka kidole.

"Kama ningekubali ile sindano?"

Nilitamani kumdanganya. "Kingeonekana," nikasema. "Hata kwa ile namba mbaya, nafikiri kingeonekana."

Akatikisa kichwa kwa muda. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na sikujua kama anasema doa, au ule ukali wake wa kutoamini. Kisha akanishika mkono.

"Maitu, si ungeniacha nifurahi mpaka Jumatatu?"

"Kesho ungesimama mbele ya watu, tata. Ukishasimama usingekubali kurudi hospitali."

Aliliondoa gauni juu ya meza, akalitundika kwenye msumari, akaenda jikoni kutuwekea chai.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, na nitasema wazi kwamba sikumwamini. Alikuwa amevaa lile gauni, na chini ya kwapa amebana bahasha mbili za kaki. Kwa nini alizileta zote mbili? Nilimwona akisalimiana na wanawake wa ushirika, wakimkumbatia, nikasema moyoni, huyu atashuhudia hivyohivyo, hataweza kuwavunja moyo.

Mchungaji akamwita. Alipanda pale mbele, akaziweka bahasha juu ya meza bila kuzifungua.

"Niliitwa hapa niseme imeenda," alisema. "Haijaenda. Ile picha ilikuwa safi kuliko mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hivyo nawaambia nyote. Narudi hospitali, nitakatwa. Yule alikuwa ananiombea aendelee."

Nilimwangalia mchungaji, nikingoja afanye kile nilichomtarajia, ageuze maneno yake, aseme imani imepungua mahali. Alishuka jukwaani akapiga magoti sakafuni, suruali nzuri ile, na watu wote wakapiga magoti nyuma yake. Siku ya upasuaji alikaa kwenye benchi la hospitali kutwa nzima kando yangu, tukigawana mandazi, na kuhusu paa hakusema hata neno moja. Nilikuwa nimemkosea.

Daktari alitoa figo nzima na doa lake, akasema limewahiwa. Tata yuko hai mpaka leo. Namba ya ukuta ilirudi chini na nikaifungia kwa nywila, wateja wachache wakalalamika mchanga umerudi, na picha za asili hatukuzifuta tena bila kuzihifadhi kwenye sidii. Mwenye kituo aliwaita baadhi ya wagonjwa warudie picha. Habari zao sitazisimulia, si zangu.

Ila kabla ya upasuaji ilibidi tata apigwe picha nyingine, safari hii kwa dawa. Nilisimama kando ya mashine. Muuguzi alikuwa yuleyule, na nilimwona akijiandaa kwa maswali, kichupa amekigeuza ili maandishi yasomeke. Tata alikitazama kile kichupa, kisha akanitazama mimi.

"Maitu, umeiangalia hii?"

"Nimeiangalia, tata."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akautoa mkono wake chini ya shuka, akaukunjua, akampa muuguzi. Hakuuliza inatoka wapi.